Kamera Isiyo na Mgongo

Kazi yangu ni kutembea. Watu wakisikia hivyo wanacheka, lakini jaribu wewe kutembea kutwa nzima na kofia ngumu kichwani, fimbo ya chuma imesimama utosini, na juu ya fimbo kamera yenye lenzi mbili, moja inatazama mbele na nyingine nyuma. Kila baada ya sekunde mbili inapiga. Jioni picha zinapelekwa ofisini, programu inaziunga pande zote ziwe picha moja ya duara, na mtaa unaingia kwenye ramani ya simu. Mtu akiwa kwake kitandani anaweza kuutembea mtaa wenu mzima bila kuvaa viatu. Mimi ndiye ninayevaa viatu kwa niaba yake.

Mwezi uliopita shangazi yangu aliingia kwangu asubuhi bila hodi, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Shangazi ni fundi cherehani. Duka lake liko kwenye uchochoro mrefu unaounganisha barabara mbili, na tangu ramani yetu itoke mwaka jana, wateja wapya hawamfikii. Ramani inaonyesha kwamba uchochoro unaishia kwenye kona ya pili, hatua chache kabla ya mlango wake. Wakifika hapo wanatazama simu, wanageuza.

"Juzi kageuza bibi harusi na wasimamizi wake sita," alisema. "Sita. Wote wameshonewa kwingine. Uchochoro wangu nani kaukata?"

"Kumbukumbu za ofisi zinasema pana ukuta, shangazi."

"Ukuta? Kwa hiyo mimi kila siku nauruka?"

Nikajifanya natafuta soksi.

"Basi sikia, mwanangu. Mambo yakiwa hivi hivi hadi mwisho wa mwezi, nafunga duka, nahamia hapa. Cherehani itakaa pale." Akanyoosha kidole kwenye kitanda changu.

Nampenda shangazi, ndiye aliyenilea. Lakini vyumba vyangu ni viwili, na yeye huamka saa kumi alfajiri kushona huku akiimba wimbo mmoja tu, tena ubeti wa pili huusahau, anaanza upya. Nimekua na wimbo ule. Sikuwa tayari kuzeeka nao.

Ukweli ni kwamba aliyeukata uchochoro ni mimi. Kwenye kona ya pili anaishi bata mzinga wa fundi saa. Mwaka jana nilipofika pale aliitazama kamera, akajaza manyoya, akaja. Mimi si mwoga, ila ninajua kupima mambo. Niligeuka nikaondoka, na sitasema kwa mwendo gani. Kwenye fomu, mahali pa kueleza kwa nini njia imeishia pale, niliandika neno moja: ukuta. Suruali yangu ilikuwa na tundu nyuma, nikampelekea huyo huyo shangazi, nikamwambia nimenaswa na msumari. Aliishona bila kusema neno.

Ofisini, picha zote hupitishwa na mkaguzi, mama mmoja mkavu ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Nikamweleza kwamba ule ukuta labda umebomolewa. Akasema kuurudisha uchochoro ni rahisi: nitembee kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, picha zisikatike, na zionyeshe kwamba njia inapitika.

Kosa langu lilikuwa kumwambia shangazi siku.

Jumamosi nilipofika, uchochoro ulikuwa umefagiwa hadi mawe yanang'aa. Bata mzinga amefungiwa stoo. Majirani wote wamevaa nguo za kutokea, wamepanga viti safu tatu kukatiza njia, wafupi mbele, warefu nyuma, wamekauka kama wanapigwa picha ya cheti. Katikati yuko shangazi, ndani ya gauni jipya la satini ya kijani, mabega yamesimama utadhani yana mambo yao binafsi.

"Mbele ya kamera ni wapi?" aliuliza.

"Kote ni mbele, shangazi. Haina mgongo."

"Kila kitu kina mgongo. Wewe sogea, unaharibu picha."

"Siwezi kusogea. Iko kichwani kwangu."

"Basi chutama."

Nilichutama. Nikapita katikati ya safu nimechutama, naomba radhi kwa kila goti nililogonga, na hakuna aliyenijibu kwa sababu walikuwa wamebana pumzi.

Jumapili mkaguzi aliniita. "Huu si uchochoro," alisema, "huu ni ukumbi. Viti vimeziba njia. Imekataliwa."

Nilimpelekea shangazi habari pamoja na picha yake. Kukataliwa hakukumuumiza sana kama picha yenyewe. Alikuwa amesimama pale pale programu inapounga lenzi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, limekaa peke yake pembeni. Tena programu ilikuwa imefifisha uso wake, kama inavyofifisha nyuso zote ili watu wasitambulike.

"Mshono gani huu?" alisema. "Nani kashona hii? Na uso wangu mmepeleka wapi?" Akalitazama gauni lililotundikwa ukutani. "Au bega ndilo lina kasoro. Kesho nitalivaa nilipime upya."

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Jumatatu nilikwenda bila kumwambia mtu. Saa mbili asubuhi, hakuna viti, hakuna watu. Kona ya kwanza nikapita. Kona ya pili akawa ananisubiri.

Nilisimama. Nyuma yangu ilikuwa njia niliyoizoea. Mbele yangu alikuwa yeye, na baada yake mlango wa shangazi. Nikaona kitanda changu na cherehani juu yake. Nikakimbia mbele.

Nilimpita kabla hajajaza manyoya, lakini bata mzinga hana haraka ya kusahau. Alinifikia nikiwa nakaribia duka, akaidonoa suruali yangu nyuma, na mtaa mzima ukanijua kwa kelele. Shangazi akatoka mbio na gauni lake la kijani, pini zimejaa bega, ufagio mkononi, anamfukuza bata, bata ananifukuza mimi, na fimbo utosini inayumba huku na huku, tiki, tiki, tiki. Tulitokea barabara ya pili wote watatu. Picha hazikukatika hata moja.

Mkaguzi alizitazama zote, moja moja. Akavua miwani, akaifuta.

"Inapitika," alisema. "Inapitika hata kwa mbio." Siku hiyo ndipo nilipoyaona meno yake.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Programu ilikuwa imefifisha uso wa shangazi. Ilikuwa imefifisha hata uso wa bata. Wangu, ulioingia kwenye picha fimbo ilipoinama, iliuacha. Mkaguzi alinieleza kwa upole kwamba nilivyokuwa nimeachama, mashine haikuona sura ya mtu.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani kwa shangazi, nimekaa, sweta nimelifunga kiunoni, maana suruali ya kazi ninayo moja. Akaingia mama mmoja, simu mkononi.

"Ramani imenileta hadi mlangoni," alisema. "Nataka gauni hili. Hili la kijani, la huyu asiye na uso. Bega linavyokaa hata akikimbia."

Shangazi alichukua vipimo vyake akijizuia kucheka kwa furaha. Mama yule akanitazama, akatazama simu, akanitazama tena.

"Ndiye yeye," shangazi alimwambia. "Mtoto wa kaka yangu."

Alipoondoka, shangazi akafungua ramani kwenye simu yake, akaivuta kwa vidole hadi kona ya pili. Akaizungusha taratibu, pande zote.

"Ukuta uko wapi?"

Nikalikaza sweta kiunoni.

"Mimi ni fundi miaka thelathini. Msumari unachana mstari. Suruali yako mwaka jana ilikuwa imenyofolewa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, wewe ukaifupisha na ya kwangu."

"Nisamehe, shangazi. Mbona hukusema wakati ule?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilipoona unachelewa, ndipo nikakwambia nahamia kwako."

"Kumbe hungehamia?"

"Nihamie kwenye kitanda kile?" Akanyoosha mkono. "Toa sweta hilo. Lete suruali."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja nimejifunga kipande cha satini ya kijani. Shangazi akaanza kushona, na kuimba. Alipofika ubeti wa pili akasahau, nami nikamtajia maneno.