Udongo Hutupwa Juu

Wayua alifika Kathiani na hasira iliyomkaba tangu juzi. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imetoa mchezo wa simu, wa kuchimba matuta ili mvua isiule mlima. Mchezo wake yeye na Musili! Yeye aliuandikia programu, akijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta za saiba. Musili, rafiki yake tangu shule, akauchora. Wayua alimkataza Musili kuionyesha kampuni hiyo mchezo wao. Musili akaenda. Wakakosana, miezi miwili hawasemezani.

Ukambani watu hawasahau. Mkoloni aliwanyang'anya mababu ng'ombe wao akawaambia ni kwa faida yao. Lakini mkoloni hakuwahi kuwa rafiki wa mtu.

Alimkuta Musili shambani kwao katikati ya mwethya, majirani na majembe yao, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Umeniuza, Musili!"

"Wewe, salamu kwanza."

"Salimia wanunuzi wako. Ona!"

Akaufungua mchezo mbele ya wote. Kalunde, mamake Musili, akaegemea jembe kutazama. Mkulima wa kwenye simu alichimba mtaro, akatupa udongo upande wa chini wa mteremko. Mvua ikaja, udongo wa shamba ukajaza mtaro, maji yakaruka yakabomoa kila kitu.

"Kwani huyu ni wa wapi?" Kalunde alicheka. "Mchanga anatupa chini! Huyo akikuja mwethya tunamrudisha kwao."

Wanawake wakaangua kicheko. Wayua akaitazama simu upya. Siku mbili alikuwa ameutazama mchezo huo, na hasira haikumwacha aone. Kwa ajili ya mchezo wao, Musili alichora mrusho mmoja wa jembe mara arobaini, akimtazama mama yake papa hapa. Udongo ulikwenda juu kila mara.

"Niliwaonyesha picha moja tu, ya mlima, na kuwaeleza wazo letu," Musili alisema. "Nikaona aibu kukuambia. Faili zote niko nazo."

"Hawana hata moja?"

"Wangekuwa nazo wangechimba hivyo?"

Wayua alivuta pumzi ikafika tumboni, mara ya kwanza tangu juzi.

"Lakini ulikosea."

"Nilikosea. Pole, Wayua."

"Wezi hao tutawatangaza mpaka wajute. Na wetu tunautoa mwezi huu, majina mawili."

"La kwako mbele."

"Mwethya haina watazamaji," Kalunde alisema, akamtupia Wayua jembe.

Wayua akavua viatu, akachimba, akatupa udongo juu. Nusu yake ilimwangukia Musili kifuani. Hakuomba msamaha.