Mnada wa Jumamosi

Ernestina alikuwa akifunga kilemba mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi, pini mbili kinywani, Hemed alipogonga mlango kwa kiwiko.

"Dada, fanya haraka. Basi la kwanza la wageni limeshafika."

"Nakuja."

"Na leo usi-argue na bosi, tafadhali. Hiyo letter ya uhamiaji ndiyo maisha yako."

Hemed alikuwa mtu wa Tanga, amevaa shati la gunia, kazi yake kuwatunza farasi wa mji ule wa maonyesho. Mji wenyewe ulikuwa nyumba kumi na moja za mbao kando ya mto, Inver Grove Heights, jimbo la Minnesota, zilizojengwa kuiga mji wa Virginia wa enzi Waingereza walipoitawala Marekani. Minnesota haikuwahi kuwa na mji wa namna hiyo. Tajiri mmoja aliupenda tu, akatoa pesa, na sasa, mwaka 1996, watu walilipa kiingilio wamwone mhunzi akifua misumari, bibi mwenye nyumba akifuma soksi, na jikoni kule nyuma mtumwa akipika.

Wamarekani weusi walioombwa kufanya kazi ya jikoni walikataa, mmoja baada ya mwingine. Ernestina wa Bukoba, mwenye shahada ya historia kutoka chuo cha Saint Paul, hakukataa. Aliambiwa ni miezi mitatu tu, kisha atahamia ofisi ya utafiti. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne, na mikono yake ilikuwa na makovu ya sufuria.

Kilichomponza ni bidii. Siku zake za mapumziko alikuwa akijifungia maktaba, na huko aliikuta orodha ya mali ya mfanyabiashara mmoja aliyefariki mwaka 1761. Kati ya birika la shaba na ng'ombe mwekundu palikuwa pameandikwa: Sukey, mpishi, meno mazuri. Ernestina alilia palepale mezani. Akainakili orodha yote, akaiandikia kurasa thelathini za maelezo, akampelekea Bwana Lindgren, mkuu wa maonyesho, aone kwamba huyu si mtu wa kuachwa jikoni.

Lindgren naye alitokwa na machozi. Wiki iliyofuata akabandika tangazo: Jumamosi, mnada wa mali ya marehemu. Sukey ataigizwa na Ernestina.

Alipokwenda kulalamika, Lindgren alimkaribisha kiti na kahawa. "Historia lazima iumize kidogo," alisema kwa upole. Halafu akagusa mfuko wa koti. Humo mlikuwa na barua ya mwajiri ya kupeleka uhamiaji, bila sahihi. Kibali cha Ernestina kilikuwa kinakwisha Jumanne. "Tutaisaini Jumamosi, tukimaliza."

Basi ndiyo hiyo Jumamosi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Hemed alimwambia wakivuka uwanja.

"Nimeinama mwaka mzima, Hemed. Huko mvunguni hata sijakiona hicho kitu."

Alipandishwa juu ya kasha la mbao. Wageni walikuwa wamepewa langoni vipande vya mti vya kuchezea mnada badala ya pesa. Mhunzi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimletea Ernestina tufaha kila Ijumaa, ndiye aliyekuwa dalali, orodha mkononi. Alisoma birika la shaba. Kisha akamsoma Sukey.

"Fungua mdomo," alinong'ona. "Samahani. Imeandikwa hivyo."

Ernestina akafungua mdomo. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiojua waangalie wapi, halafu mikono ikaanza kupanda. Daktari wa meno kutoka Bloomington alishinda kwa vipande arobaini. Mkewe akampiga Ernestina picha.

Nyuma ya umati alisimama mama mmoja Mmarekani mweusi, amefuatana na watoto sita wa kanisa lake. Hakucheka wala hakunyanyua mkono. Alisogea mpaka mbele ya kasha.

"Dada yangu," alisema, "nani amekufanyia hivi?"

Sukey hakuandikiwa jibu. Ernestina aliinamisha kichwa, na aibu iliyompata ilikuwa kubwa kiasi kwamba alitamani yule daktari amchukue kweli, aende naye, asionekane. Mama yule akawakusanya watoto, akaelekea moja kwa moja ofisini.

Saa saba mchana Ernestina aliitwa. Lindgren alikuwa mwekundu usoni, amevua koti.

"Yule mama ana haki," alisema. "Kabisa. Nimezungumza na mkurugenzi. Mnada tumeufuta, na mtumwa wa jikoni tumemfuta. Hatuwezi kukuweka tena katika hali ile, Ernestina. Haina heshima."

"Nashukuru. Nitahamia utafiti?"

"Utafiti hauna nafasi mwaka huu."

"Na barua?"

Lindgren alifungua mikono. "Barua ilikuwa ya nafasi ile. Nafasi haipo. Nikiisaini nitakuwa nimeidanganya serikali."

Mpango ule alikuwa ameutunga Lindgren mwenyewe, na tangazo alikuwa amelibandika yeye, na Jumatatu asubuhi angerudi kwenye kiti kilekile. Ernestina alimtazama akatafuta hasira, akakuta uchovu tu. Jumanne ilikuwa siku tatu mbele.

Akageuka kuondoka.

"Jambo dogo," Lindgren alisema. "Kuna shule moja inakuja saa nane, walishalipia. Unaweza kutupikia kwa mara ya mwisho? Mpaka saa kumi tu."

Ernestina alichomoa pini, akafungua kilemba, akakilaza juu ya meza ya Lindgren.

"Siwezi kukujibu hilo," alisema. "Mmeniuza asubuhi. Kamwulize aliyeninunua."