Chingamu za Mama Mkwe

Fundi wa kuchomelea mageti alimheshimu mama mkwe wake hadi akawa anamwogopa. Hata kukohoa mbele yake alikohoa kwa kujibana. Akiulizwa hali, jibu lilikuwa "nzuri, mama", kisha macho chini.

Siku utumbo wake ulipojisokota, alianguka karakanani akiwa bado na miwani ya kazi usoni. Wenzake wakamkimbiza hospitali, akapasuliwa siku hiyohiyo. Alipozinduka, tumbo limeshonwa, koo kavu, na kando ya kitanda ameketi nani? Mama mkwe, kikapu miguuni.

"Mwenzio ni mzazi, mtoto bado mchanga," alisema. "Nimemwambia atulie nyumbani. Wewe nitakuuguza mimi."

Fundi akatamani usingizi urudi.

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila utumbo uligoma kuamka. Tumbo likajaa kama ngoma, kichefuchefu hakimwachi, na chakula amekatazwa. Daktari alikuwa akisikiliza tumbo kwa kipimo chake, halafu anatikisa kichwa: hadi upepo utoke ndipo watajua utumbo umeamka. Na muuguzi, mama mmoja mwenye sauti ya mnadani, kila akipita aliuliza wodi nzima isikie:

"Baba, umeshajamba?"

"Bado, sista," fundi alinong'ona, macho kafumba. Mama mkwe akajitia anatafuta kitu kikapuni.

Jioni moja, akidhani mgonjwa kalala, mama mkwe alianza kuomba chinichini: "Mola wangu, mfungulie mwanangu huyu, hata kidogo tu." Hakusema mkwe. Alisema mwanangu. Fundi akageukia ukutani, machozi yakalowesha mto.

Kesho yake daktari akasema, "Hebu tafuna chingamu. Ukitafuna, utumbo unadhani chakula kiko njiani, unaanza kujiandaa. Haimsaidii kila mtu, lakini kwako sioni ubaya. Na utembee kidogo kidogo."

"Chingamu hizi za watoto?" mama aliuliza.

"Hizo hizo, mama. Usimeze tu, baba."

Mama akatoka, akarudi na pakiti kadhaa. Fundi alishika moja, akaigeuzageuza mkononi.

"Mama, mtu mzima mimi nikae natafuna mbele yako?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alijibu. Akabandua karatasi ya nyingine, akaitia kinywani mwake mwenyewe. "Haya, tutafune wote. Na mimi meno yenyewe yamebaki ya kuazimana."

Fundi akacheka, kidonda kikamchoma, akacheka tena huku ameshika tumbo. Wakawa wanatembea ukumbini polepole, mama kamshika kiwiko, taya zinakwenda pamoja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akambandika mama jina: Kocha.

Siku iliyofuata tumbo lilinguruma. Fundi akakamata chuma cha kitanda.

"Nini? Kidonda?"

"Hapana, mama. Naomba... utoke nje kidogo."

"Nitoke? Kwani muda wote huu nimekaa hapa kungoja nini?"

Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Ulitoka, mrefu, kama tairi la lori linalopungua upepo. Kisha jirani akapaza sauti: "Goooli!" Mama akapiga kigelegele, na muuguzi akaja mbio, safari hii hakuwa na la kuuliza.

"Mungu mkubwa," mama alisema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Akachukua simu. "Mwanangu, mumeo amejamba! Ndiyo, nimesikia mwenyewe!" Upande wa pili, binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kichanga kikimsaidia kupiga kelele.

Daktari aliporuhusu uji mwepesi, mama aliupuliza, akamlisha kijiko kwa kijiko. Fundi akamtazama usoni.

"Ahsante, mama. Sina la kukulipa."

"Nani kakudai? Fungua mdomo, uji unapoa."

Akafungua.