Dakika Tisa Zisizo na Maneno

Mdogo wake alianza kuhesabu siku tangu zilipokuwa mia mbili. Kila asubuhi aliitangaza hesabu hiyo huku akitafuta viatu kwa vidole vya miguu, na Dada, akiwa anampigia pasi shati, aliitikia kama mtu anayeitwa na daktari wa meno.

"Bado tisa, dada."

"Haya."

"Hiyo haya yako kama ya msibani. Miaka ishirini na miwili tunaisubiri filamu hii ya pili!"

Kusubiri walisubiri wote wawili, ni kweli. Ila mmoja alisubiri harusi, mwingine alisubiri hukumu.

Mdogo mtu hakuwahi kuona tangu azaliwe. Alikuwa opereta wa simu hospitalini, na wenzake walimwita Rada kwa sababu alimtambua daktari kwa kikohozi chake kabla hajasema neno. Dada yake alisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kutwa nzima aliwinda makosa ya watu kwenye kalenda, kadi za mwaliko na majalada ya madaftari, na hata koma iliyokaa upande haikumpita. Uongo wake mwenyewe aliuacha ukapita, ukakua, ukaota mvi.

Uongo wenyewe ulizaliwa sinema, siku walipokwenda kuangalia filamu ya kwanza, ile ambayo nyumbani kwao iliitwa "ya Nahodha" tu. Walikuwa na namna yao ya kuangalia filamu. Dada alikaa kushoto, kiganja chake chini ya kiganja cha mdogo wake, akimnong'oneza kila kinachopita. Hatari ikitokea alimfinya kidole gumba, maana hatari haisubiri mtu apange maneno. Watu wa mbele waligeuka kuwanyamazisha mpaka shingo zikawauma, wakakata tamaa.

Nahodha huyo aliongoza chombo cha kwenda kwenye nyota za mbali, na alikuwa amemwahidi binti yake kwamba atarudi. Mwishoni chombo kinaharibika, naye anatoka nje kukitengeneza, kamba kiunoni. Hapo maneno yanakwisha. Kwa dakika tisa nzima hakuna anayesema kitu, ni muziki mtupu. Wenye macho waliona taa ya redio ikiwaka, maana yake binti anaita. Wakaona Nahodha akiitazama ile taa, kisha akitazama mwanga mwingine mgeni huko mbali, kisha akiifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe na kwenda zake. Hakusukumwa wala hakuteleza. Alichagua.

Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wake tisa. Miezi minne kabla ya hapo baba yao alikuwa amefunga begi kwenda kutafuta kazi mbali. Kiganja cha mtoto kilitoa jasho juu ya kiganja chake.

"Anafanya nini sasa?"

"Anavuta kamba."

"Amefika?"

"Amefika mlangoni. Anaingia. Sasa yuko nyumbani, binti yake amemrukia shingoni."

"Mbona muziki unalia?"

"Unalia kwa furaha. Nyamaza usikilize."

Uongo wa mtoto kwa mtoto, hata malaika angeuandika kwa penseli. Shida ni kwamba Dada aliurudia ukubwani, na safari hii kwa wino.

Rada alikuwa na kundi la mashabiki kwenye simu, watu wanaotumiana ujumbe wa sauti na kugombana juu ya Nahodha kana kwamba ni shemeji yao. Mwaka juzi mmoja akasema kwamba kila mtu anajua Nahodha alifungua kamba. Rada akaja juu. Akamwita dada yake kutoka jikoni, akamsogezea simu mdomoni, akamwambia awaambie hao wajinga. Dada, mikono imejaa povu la sabuni, akasema, "Alirudi. Nimeona kwa macho yangu."

Kundi likanyamaza. Mmoja wao alimjua Rada, bila shaka aliwanong'oneza wengine kwamba huyu bwana haoni, mwacheni. Wakaacha kubishana kwa huruma, naye akadhani ameshinda. Wiki nzima alipiga mluzi, na kila mluzi ulimchoma dada yake.

Si kwamba hakuipenda filamu. Aliipenda kuliko mdogo wake, kwa sababu aliipenda ilivyo. Na kwa ajili hiyohiyo alikuwa na tumaini moja la aibu: kwamba watunzi wa filamu ya pili watamrudisha Nahodha kwa njia yoyote ile, hata kama ni ya kipumbavu, ili uongo wake ugeuke ukweli kabla haujashikwa. Zamani angeutegemea mdomo wake. Lakini ukumbi mpya wa sinema ulikuwa na visikilizio vya wasioona, ambamo sauti ya mtu inaeleza kila kinachoonekana kwenye picha.

"Safari hii upumzike," Rada alimwambia. "Ule popcorn zako kwa raha. Mimi nitajitegemea."

Siku za mwizi arobaini. Za Dada zilibaki tisa.

Alichoogopa hakikuwa ugomvi. Mdogo wake aliazima macho yake tangu azaliwe: rangi ya shati, maandishi ya chupa ya dawa, tarehe ya mtindi. Na barua. Ndani ya kopo la biskuti mlikuwa na barua tatu za baba, zote alizopata kuandika. Mama yao, Mungu amrehemu, hakujua kusoma, hivyo Dada ndiye aliyezisoma, mara mia, neno kwa neno, bila kuongeza nukta. Ya mwisho ilimalizika kwa kusema, "Mniwekee nafasi mezani. Nitarudi." Baada ya hapo kimya. Dada alikuwa ameshamzika baba yake moyoni akiwa na miaka kumi na saba. Rada hakuzika mtu. Alikataa simu ya mezani ikatwe, kwa sababu baba aliijua namba hiyo tu. Alipokuwa mdogo alizoea kusema, "Nahodha alirudi kutoka kwenye nyota, sembuse baba?" Siku hizi hakusema tena, lakini simu aliifuta vumbi kila Jumapili.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili, Dada alijipa moyo. Rada alikuwa mezani akimenya chungwa na kutabiri.

"Nahodha atakuwa mzee. Yuko jikoni, usingizi hauji, anga inamwita. Binti mtu mzima anamuuliza, baba, ulijuta kurudi? Mimi nataka hapo tu. Nataka nisikie anajibu nini. Mengine yote waweke maroboti wapigane, shauri yao."

"Na kama hakurudi?"

Rada alicheka mpaka mbegu ikamtoka mdomoni. "Dada, si wewe ndiye uliyeniambia?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kusema "nilikudanganya," neno moja tu. Akaliona, akalisoma, akalipitisha.

"Nilitania," akasema. "Lete maganda nikatupe."

Jumamosi alasiri wakakaa, yeye kushoto kama zamani. Rada alivaa visikilizio, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha dada yake kwa mazoea. Taa zikazimwa. Filamu ya pili ilianza palepale ilipoishia ya kwanza, na muziki uleule. Dada hakusikia kilichosemwa ndani ya visikilizio, ila hakuhitaji. Aliona kamba, aliona taa ya redio, aliona mkono wa Nahodha ukishika fundo la kamba na kulifungua. Kile kiganja juu ya kiganja chake kikawa kizito, kisha kikaondoka.

Filamu, kwa haki yake, ilikuwa nzuri. Watu walipiga makofi. Binti wa Nahodha alikuwa amekuwa nahodha mwenyewe, na saa mbili nzima alimtafuta baba yake nyota kwa nyota, mwisho akakuta mavazi matupu. Dada alilia, na hakujua anamlilia nani. Rada alikaa wima mpaka mwisho kabisa, mpaka majina ya watu wa mwisho yakapita. Wakati wa kutoka hakumshika mkono. Alikunjua fimbo yake akatangulia, akagonga ngazi, akagonga ukuta, akaomba msamaha kwa nguzo.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akashusha kopo la biskuti, akaliweka mezani.

"Nisomee ya tatu."

"Mdogo wangu, nisamehe. Ulikuwa mtoto, baba alikuwa ameondoka juzijuzi, sikuweza..."

"Nisomee."

Akasoma. Alisoma vizuri, kwa sababu alijua ni kweli tupu na alitaka ukweli huo usikike. Alipofika kabla ya "Nitarudi" akasita kidogo, kama alivyosita siku zote, halafu akamaliza.

"Sauti haijatetemeka hata kidogo," Rada akasema.

"Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa!"

"Hata siku ile haikutetemeka. Wala mwaka juzi kwenye simu." Alizikunja barua, akazirudisha koponi. "Uliziandika wewe?"

"Wallahi, baba aliziandika. Kwa mkono wake."

"Nimeuliza tu."

Dada aliumia kuliko alivyopata kuumia. Alitamani kucheka pia. Katika nyumba hii baba ndiye aliyedanganya kwa maandishi, na yeye aliyeusoma uongo huo kwa uaminifu ndiye aliyebaki kushitakiwa.

Jumatatu Rada aliondoka na kopo kwapani. Shati alijichagulia mwenyewe. Lilikuwa na doa la chai kifuani, na Dada aliliona, akafungua mdomo, akaufunga. Kazini siku hiyo alipitisha kalenda yenye Februari ya siku thelathini, jambo ambalo halikuwahi kutokea kiwandani tangu aajiriwe.

Jioni aliisikia fimbo ngazini, akasimama. Rada aliingia, akaweka kopo mezani taratibu.

"Amenisomea mama wa mapokezi, pale kazini. Zote tatu."

"Ehe?"

"Neno kwa neno. Kama wewe."

Dada alishusha pumzi aliyoishika tangu Jumamosi. Machozi yalimlengalenga. Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini labda kikombe kimoja kimepona.

"Nilikwambia, mdogo wangu. Nilikwambia."

"Hata pale kabla ya 'Nitarudi'," Rada akaendelea, "kasita. Palepale unaposita wewe."

"Karatasi imekunjwa pale. Wino umefifia, lazima mtu atafute neno."

Rada alitikisa kichwa polepole, kama afanyavyo kazini mtu anapompigia akijifanya daktari. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha dada yake.

"Yule mama anapita hapa kwenda kwake," akasema. "Mnafahamiana. Ulimpanga lini, dada?"