Nusu Kilo

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wangu nikiwazungushia futi kiunoni hubana pumzi na kuvuta matumbo ndani, nami huwafokea: nguo itakubana wewe, si mimi. Basi niambieni, huu ujinga wangu niuite nini?

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Sare yake nimeifumua na kuipanua mara tatu mwaka huu. Sukari imeshaanza kupanda, na akilala pumzi humkatika. Daktari wa watoto alituandikia barua twende kwenye utafiti wa watoto wenye unene: mwaka mzima wa dawa, mtaalamu wa lishe, na mtu wa kuzungumza naye, vyote bure. Peke yangu nilikuwa nimeshajaribu, nikashindwa.

Siku tatu kabla ya kwenda kupimwa, aibu ikanishika. Wangesema huyu mama anamlisha mtoto nini? Nikamnyima. Asubuhi chai kavu, mchana tango, jioni maji ya moto. Akilia, naingia chumbani nalia na mimi.

Muuguzi wa utafiti alisoma mizani mara mbili.

"Kilo sabini na moja na nusu. Mama, kwa urefu wake tunapokea kuanzia sabini na mbili."

"Si amepungua? Si ndiyo vizuri?"

"Barua ya daktari inasema sabini na nne."

Nikamweleza yote. Akafumba macho.

"Jamani, mama. Tungempokea hivyo hivyo alivyo."

Kipimo kinaruhusiwa kurudiwa mara moja tu, na orodha ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Zilibaki dakika arobaini.

Nilitoka mbio hadi dukani, nikarudi na mkate na chupa mbili kubwa za maji. Pale kwenye benchi la korido, watu wakitutazama, nikamwekea mapajani.

"Kula. Kunywa. Haraka, mwanangu."

"Kwani leo unanitaka mnene?"

"Leo tu, mama. Leo tu."

Alikunywa huku analia. Chupa ya pili ilipofika nusu, akatapika yote, kwenye sare na kwenye viatu vyangu. Nikamshika mabega nikamtikisa. Ndiyo, nilimtikisa, Mungu anisamehe.

Muuguzi alikuja na ndoo na kitambaa. Hakutuita tena kwenye mizani.

"Hata angefikisha, maji nisingeweza kuyaandika kuwa ni uzito wake," alisema, akipiga magoti kumfuta mtoto. "Na utafiti mwingine sijui utakuja lini."

Tulikaa pale hadi mlango ukafungwa. Nilimwomba radhi binti yangu, naye akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua kipande cha mkate kilichobaki, akakishika bila kukiuma, akanitazama usoni.

"Mama, nile au nisile?"