Jiwe la Kusugulia Visigino

Saa moja na nusu asubuhi mvuke ulikuwa ukitoka katika ufa mmoja chini ya kambi, mweupe na wima, kwa sababu upepo ulikuwa haujaanza. Kiongozi wa msafara aliwaambia wasafiri wake watatu waweke vikombe chini. Leo wangepanda hadi mdomo wa kreta. Kutembea juu ya lava iliyoganda ni suala la viatu na subira, alisema, lakini baada yake kuna korongo la kokoto na majivu, na mawe ya huko hayana adabu, yanateremka bila kubisha hodi. Akainua filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni mwake. Ikilia mara moja, simama ulipo. Ikilia mara mbili, kimbilia ukuta wa mwamba upande wa kushoto, ujibane hapo. Kisha akauliza kama kuna mwenye tatizo la moyo, magoti, macho au masikio.

"Semeni sasa," alisema. "Kule juu sitakuwa na nafasi ya kubembelezana."

Daktari wa meno, aliyekuwa amekuja likizo peke yake, alitaja goti lake la kulia. Mwanamume wa makamo aliyeketi mkabala na kiongozi, ambaye mkewe na watu wote wa kazini kwake walimwita Fundi, alicheka akasema yeye ni buheri wa afya, labda wahesabu kitambi.

Mkewe alikuwa akikaza kamba za viatu. Akapiga fundo la pili.

Ushahidi alikuwa nao wa mwaka mzima. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha uchapaji ambako Fundi ndiye aliyesimamia mashine, na kazi ilikuwa imemfundisha kutoamini hisia, bali karatasi iliyoshikwa mbele ya taa. Redio ya sebuleni ilikuwa imepandishwa sauti hadi jirani akauliza kama wana wageni. Simu ya binti yao, aliyewalipia safari hii, ilizoea kulia mpaka ikachoka ndani ya mfuko wa baba yake, naye ameketi palepale. Na kiwandani, mtu ambaye zamani alitambua beringi iliyochoka akiwa bado mlangoni, siku hizi aliweka kiganja juu ya mwili wa mashine kabla ya kutoa neno. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: watu wa sasa wanameza maneno. Fundi asiyeisikia mashine yake hupelekwa stoo kuhesabu mabunda ya karatasi hadi astaafu. Wote wawili walilijua hilo, na wote wawili walinyamaza, kila mmoja akidhani anamsitiri mwenzake. Cha ajabu, "mficha maradhi kifo humuumbua" ndiyo methali ambayo Fundi mwenyewe aliwasomea vijana wa zamu kila walipoficha vidole vilivyobanwa.

Siku iliyotangulia, kwenye matundu ya mvuke, kiongozi alikuwa amewaambia wasikilize ardhi inavyonguruma. Daktari wa meno aliinamisha kichwa. Fundi alipiga goti, akaweka kiganja juu ya mwamba, akasema, "Naam, inafanya kazi." Daktari alicheka. Mke wa Fundi hakucheka.

Lava ilikula sehemu kubwa ya asubuhi. Mahali pengine ilikuwa imejisokota kama kamba nene zilizotupwa chini, na mahali pengine imevunjika kuwa vigae vinavyochana glavu. Fundi alikwenda vizuri kuliko wote. Macho yake yalijua jiwe la kukanyaga na jiwe la kuruka. Alimwambia daktari kwamba mlima huu una meno mabovu, kwa hiyo ajihesabu yuko kazini. Daktari, bila kugeuka, alijibu kuwa meno ya namna hii ni ya kung'oa, si ya kuziba. Fundi alimtazama kwanza mkewe, akamwona anacheka, ndipo naye akacheka.

Korongoni walipanda kwa nafasi, ili jiwe likishuka lisiwakute wote pamoja. Kiongozi alibaki chini, juu ya kichuguu cha lava ambapo aliuona mteremko mzima. Daktari alitangulia akapotea kwenye kona. Fundi alifuata, na mkewe nyuma yake.

Filimbi ililia mara mbili.

Juu kulisikika mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Mke alikwishageukia ukuta alipouona mgongo wa mumewe bado unapanda, taratibu, katikati ya korongo, macho yakiwa miguuni.

Kumwita kungekuwa kazi bure. Katika ukumbi wa mashine hakuna anayeitwa kwa jina, maana kelele za pale humeza kila sauti. Unaviringa karatasi chakavu kuwa donge, unamtupia mwenzako mgongoni, akigeuka mnaongea kwa mikono. Ndivyo walivyochumbiana, enzi hizo yeye akiwa upande wa kujalidi vitabu. Mkono wake uliokota kilichokuwa karibu: jiwe jepesi la kijivu, limejaa matundu. La kwanza lilikwenda upande. La pili lilimpata Fundi kati ya begi na kofia ngumu.

Akageuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kazini. Mkewe alipishanisha mikono mbele ya kifua: zima mashine. Kisha akaonyesha kushoto.

Fundi hakuuliza. Kiwandani, anayeuliza baada ya alama hiyo hupoteza kidole. Aliruka akajibana ukutani. Jiwe la ukubwa wa debe lilipita pale alipokuwa amesimama, na dogo lililolifuata likanyakua chupa ya maji ubavuni mwa begi lake. Mkewe alikuwa hajafika ukutani. Alijikunyata nyuma ya bonge la lava hadi vumbi likatulia.

Kiongozi alifika akihema, na alianza na mwanamke. Yeye aliisikia filimbi, kwa nini alisimama kutupa mawe? Kisha akamgeukia mwanamume.

"Mzee, filimbi hukuisikia?"

"Upepo," alisema Fundi.

Kiongozi hakubishana. Alinyoosha kidole kuelekea kambini. Kule chini mvuke ulikuwa bado umesimama wima.

Fundi aliutazama. Kisha alimtazama mkewe, akamuuliza kwa mikono, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, kama wanavyoulizana kiwandani hitilafu imeanza lini. Mkewe alichora duara moja kubwa hewani. Mwaka.

"Siisikii," Fundi alimwambia kiongozi. "Filimbi yako wala ya mwingine." Akamgeukia tena mkewe. "Karatasi yenye dosari hii ungeirudisha, Mama Mkaguzi."

"Niliipitisha," alisema mkewe, akimwelekezea uso ili aione midomo yake. "Na leo asubuhi nikaipitisha tena."

Fundi aliinama akaokota lile jiwe, akalipima uzito kiganjani.

"Kumbe umenipiga na jiwe la kusugulia visigino."

"Ningepata zito, ningetupa zito."

Alilitia mfukoni. Akasema Jumatatu atakwenda kwa meneja mwenyewe, kabla mashine haijamsemea.

Kiongozi alimwita daktari arudi. Kreta haitafikiwa leo, alisema. Haendi mbele na mtu asiyeweza kumwita, na kurudi kwenyewe ni kwa korongo hilihili. Alitoa kamba nyembamba, akaifunga kwenye begi la Fundi, akampa mkewe ncha ya pili. Kuvuta mara moja, simama. Mara mbili, ukutani.

Wakaanza kuteremka. Katikati ya korongo mawe mawili madogo yalibingirika, na filimbi ikalia mara moja. Mke akavuta kamba mara moja. Fundi akasimama.