Barua kwa Mama Semeni

Juma la kwanza wasichana walikuwa thelathini na wanne. Juma la sita, siku ya Jumatatu, Mwalimu Sabiha alihesabu vichwa akapata kumi na tisa. Akahesabu tena kwa kidole, safari hii akianzia nyuma, na kumi na tisa wakabaki kumi na tisa.

Lilikuwa darasa la kwanza la wasichana kupata kufunguliwa Mtondooni, kijiji cha pwani kaskazini ya Tanga, ukielekea Moa. Lilifunguliwa Januari ya mwaka 1955 katika banda la makuti kando ya shule ya wavulana, na lilifunguliwa kwa sharti. Alhamisi ya juma la nane msimamizi wa shule angekuja kutoka Tanga na daftari lake. Akikuta wasichana thelathini, darasa litaendelea. Akikuta ishirini na tisa, litafungwa siku hiyo hiyo, ubao utang'olewa ukutani, na watoto watarudi kuchota maji na kubeba wadogo zao mgongoni.

Sabiha alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, na darasa hili aliliomba mwenyewe wakati wenzake wakiomba shule za mjini. Kilichomtia wazimu ni kwamba hakuwa amezembea. Chuo cha ualimu kilimfundisha kwamba mzazi asiyeambiwa habari za mwanawe katika miezi ya mwanzo atamwondoa, naye alizipeleka habari hizo kama ada. Kila Ijumaa aliandika barua moja kwa kila mtoto, kwa mkono wake, kwa Kiswahili safi. Fulani ameshajua kushika kalamu. Fulani huja bila kula, akasinzia. Hakuficha kitu na hakupamba kitu. Mabinti walizikunja barua wakazipeleka nyumbani, na hakuna hata mzazi mmoja aliyejibu.

"Labda wanasaidia mashambani," alisema Mwalimu Eliudi, mkuu wa shule, Mshambaa wa Lushoto, mtu mpole aliyeogopa kila bahasha yenye muhuri wa serikali.

"Mashamba yalikuwapo tangu Januari, mwalimu. Na mbona wavulana wako wamejaa mpaka dirishani?"

"Basi sijui, dada. Ila usinitie matatani. Msimamizi akija nitamwambia ulijitahidi."

"Sitaki kuambiwa nilijitahidi. Nataka watoto kumi na mmoja."

Mchana ule alivaa buibui lake akaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza aliambiwa mtoto amepelekwa Pangani kwa shangazi yake, na huku anaambiwa hivyo aliuona mguu wa mtoto huyo huyo chini ya pazia la mlango. Nyumba ya pili alipewa maji ya kunywa, akatazamwa akiyanywa, kisha akapokewa kata na kufungiwa mlango. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mwanamkasi, mama yake Semeni.

Semeni ndiye mtoto aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote. Alijumlisha kokoto kabla hujamaliza kuzipanga. Alikuwa na miaka minane, mdogo wa umbo, na hajaonekana darasani siku kumi na mbili.

Mwanamkasi alikuwa uani akisuka makuti. Hakusimama.

"Hodi, mama Semeni. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuandika mengine?"

"Mengine yapi?"

"Ya mwanangu kikojozi." Mikono yake haikuacha kusuka. "Unajua siku hizi anaitwaje? Bamvua. Yale maji makubwa yanayofika mpaka milangoni mwa watu. Akipita njiani na ndoo, vijana wanapandisha misuli waliyovaa hadi magotini, wanapiga kelele, 'Bamvua hilo linakuja, okoeni vyombo!' Mtoto haendi kisimani. Hatoki hata uani. Kalala humo ndani, kajifunika kanga kichwani kama maiti."

Sabiha aliikumbuka barua, neno kwa neno. *Semeni ni hodari wa hesabu. Anaona haya kuomba ruhusa ya kutoka, na amejikojolea mara mbili. Tafadhali mwambie asiniogope.*

"Lakini nilikuandikia wewe. Jina lako liko juu."

"Mimi nasoma herufi zenu?"

"Nani aliisoma, basi?"

"Nani mwingine, mwalimu? Wavulana wenu bado wanaokota silabi; kijiji hiki mtu mzima anayejua herufi za kizungu ni mmoja, Zubeiri, karani wa Jumbe. Barua tukimpelekea anazisoma barazani, kahawa ikiwa mkononi, kwa sauti kama ya mnadi. Na ya Chiku aliisoma, kwamba ana upele, apakwe dawa. Na ya yule mtoto wa watu uliyesema huja bila kula. Baba yake alikuwa pale pale kakaa! Umemvua nguo mwanamume mbele ya wenzake, halafu unauliza mtoto wake yuko wapi?"

Sabiha alikaa chini, pale pale juu ya makuti mabichi. Barua thelathini na nne kila Ijumaa. Kumbe kila Ijumaa alikuwa akikaa mezani, kwa mwandiko mzuri, akiwafukuza watoto wake mmoja mmoja.

"Sasa mkawa hamna mwingine wa kuwasomea," alisema kwa shida, kama anayejisemea.

"Za kusomewa ni hizo zenu." Mwanamkasi aliacha kusuka. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mume wangu yuko Mombasa, bandarini. Ananiandikia kila mwezi. Hii nasoma peke yangu, mlango nimeufunga, wala Zubeiri hajui mume wangu ananiambia nini."

Aliifungua. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto.

Herufi zile Sabiha alizijua kabla ya hizi za shule. Bibi yake alimfundisha Ngamiani, kwa kijiti na wino wa masizi, mpaka akaweza kuwaandikia mashoga wa bibi salamu za kwenda Pemba. Alipoingia shule akaziweka kando, na alipofika chuo cha ualimu akazionea haya kidogo, kama mtu anavyoonea haya kanga ya nyumbani mbele ya wageni. Nusu ya wanawake wa Mtondooni walipita kwa mwalimu wa Kurani na wanazijua. Na yeye, mwenye cheti ukutani, hakuwahi hata kuuliza.

Alipiga magoti.

"Mama Semeni, nimekukosea. Nimemkosea na mtoto. Nakuomba radhi."

"Nimesikia," alisema Mwanamkasi. "Inuka, utachafua buibui. Lakini mwanangu harudi."

Njia ya kurudi shuleni ilipita mbele ya duka, na barazani palikuwa na wanaume sita na birika la kahawa. Zubeiri alikuwa katikati, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Karibu, bibi mwalimu! Ijumaa hii hutatuchelewesha, sivyo? Kahawa bila barua zako haina ladha."

"Bwana Karani, barua zile zina majina ya wenyewe juu yake."

"Majina zinayo. Macho je? Mimi ndiye macho ya kijiji hiki. Mtu akiniletea karatasi nimsomee, nimnong'oneze kama mchumba wake?"

Wanaume wakacheka. Mmoja alisema ile ya Bamvua ilikuwa tamu kuliko halua, wakacheka tena.

"Ni mtoto wa miaka minane," alisema Sabiha.

"Basi usingeandika," alijibu Zubeiri, na hapo hakuwa akicheka. "Kalamu yako ndiyo iliyosema. Mimi nilitia sauti tu."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alikwenda nalo mpaka bandani, akakaa nalo chini ya ubao, akalia hadi watoto wa alasiri walipopita na mbuzi zao. Kisha akanawa uso, akavuta karatasi, akaanza kuandika kutoka kulia.

Aliandika siku nne, kila watoto walipoondoka. Mkono ulikuwa umesahau, herufi zilitoka pana na za kitoto, na mara mbili ilimbidi kuchana karatasi na kuanza upya. Kila barua aliipeleka mwenyewe, akaiweka katika mkono wa mama au bibi wa mtoto. Ya Mwanamkasi aliiandika ya mwisho kwa kuwa ndiyo iliyomshinda zaidi.

*Mama Semeni, barua hii ni yako peke yako. Kwanza nakwambia kosa langu: nilimwona mtoto ana haya, nami nikaiandika haya yake badala ya kuiondoa. Sasa mezani pangu pana gome la chaza. Mtoto anayetaka kutoka hulichukua, akatoka, akalirudisha. Haombi na haulizwi. Baada ya majuma mawili, siku ya Alhamisi, msimamizi anakuja kuwahesabu. Wakipungua thelathini, darasa linafungwa. Sikwambii haya ili nikulazimishe. Nakwambia kwa sababu nilisema nitakujulisha kila kitu, na hiki ndicho kikubwa kuliko vyote.*

Juma la saba walirudi watatu. Jumatatu ya juma la nane walirudi wengine wanne, mmoja kashikwa mkono na bibi yake, aliyetaka kuliona kwa macho hilo gome la chaza. Jumatano walikuwa ishirini na tisa. Usiku kucha Sabiha aliigeuza hesabu ile kichwani, na asubuhi bado ilikuwa ishirini na tisa.

Bwana Manase, msimamizi, alifika saa tatu kwa gari la idara, suruali fupi ya kaki, soksi magotini. Mwalimu Eliudi alimpokea huku akipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Msimamizi hakukaa. Alifungua daftari mlangoni, akatoa kalamu, na wakati huo huo Mwanamkasi akaingia uwanjani na buibui lake, mkononi kamshika Semeni. Hakumsalimu mtu. Alimsukuma mtoto taratibu mpaka kizingitini, akarudi nyuma, akasimama ukutani.

Semeni alikaa dawati la mbele. Magoti alikuwa ameyabana. Watoto walimtazama, msimamizi alimtazama, na Sabiha akaona uso ule mdogo ukibadilika rangi, akajua kabisa kinachokuja.

Semeni akainuka. Alitembea mpaka mezani, akachukua gome la chaza, akapita mbele ya msimamizi, akatoka.

"Huyo anakwenda wapi?" aliuliza Bwana Manase.

"Anakokujua, bwana."

"Bila ruhusa?"

"Ruhusa anayo mkononi."

Msimamizi alikunja uso, akaanza kuhesabu. Alifika mwisho. "Ishirini na tisa," alisema, akaelekeza ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Subiri, bwana."

"Nahesabu waliomo."

"Nakuomba usubiri. Ni mtoto mdogo, choo kiko nyuma ya mikorosho."

Kalamu ilibaki hewani. Mwalimu Eliudi alianza kukohoa. Nje hakukusikika hatua yoyote, na Sabiha aliona majuma yote nane yakimponyoka kwenye ncha ile ya wino. Kisha gome la chaza likagonga meza, ko, na Semeni akarudi dawatini akiwa mkavu, kidevu juu.

"Thelathini," alisema msimamizi, akaandika. Lakini hakufunga daftari. Alitoa katikati yake karatasi iliyokunjwa, na Sabiha akazitambua herufi zake pana za kitoto.

"Sasa hili. Karani wa Jumbe ameleta mashtaka, pamoja na barua hii aliyopewa na baba wa mtoto mmoja. Anasema kuna barua za siri zinapita kwa wanawake wa kijiji hiki, kwa herufi ambazo idara haizitumii. Kwa hali ya siku hizi, mikutano ya siasa kila mahali, unajua jambo kama hili linavyoonekana Tanga? Inasema nini hii?"

"Inasema Chiku amepona upele."

Mtoto mmoja alicheka, akanyamaza.

"Sikiliza, mwalimu." Bwana Manase alishusha sauti, na alionekana kweli anataka kumsaidia. "Darasa limepona. Usiliharibu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa utakwenda barazani, utamwomba radhi Karani mbele ya watu kwa kumpita, na barua zitarudi herufi za shule, zipitie kwake. Nitaandika umekubali kosa, yaishe. Ukikataa itanibidi nikuhamishe. Na mwalimu mwingine wa kike wa kumleta hapa sina. Unajua maana yake."

Alijua. Baba wa Mtondooni hawatamwachia mwalimu wa kiume binti zao. Aliwatazama wale thelathini. Alijua pia kwamba barua zikirudi barazani, kufika Pasaka hatabaki hata mmoja, na safari hiyo watakuwa wamefukuzwa na yeye mwenyewe kwa makusudi.

Mwalimu Eliudi alimwashiria kwa macho, kubali, kubali. Mwanamkasi, pale ukutani, hakumwashiria kitu.

"Radhi nimekwisha kuomba, bwana," alisema Sabiha. "Nimeiomba uani kwa mama yule pale, kwa magoti, maana yeye ndiye niliyemkosea. Herufi zile ni zake, na habari ni za mwanawe. Ijumaa hii nitaandika thelathini nyingine, na zote zitakwenda kwa wenyewe. Ukinihamisha, nihamishe. Karani simwombi radhi."

"Na idara?" alisema Bwana Manase. "Na mimi, niliyekusubiria mtoto wako arudi kutoka chooni?"

"Kwa kusubiri, ahsante. Radhi sikuombi."